Mama Naomie

Jumatano, 7 Agosti 2002

Kiti kimoja. Papa Beya amerudi kutoka uwanja wa ndege, jasho mpaka ndani ya viatu – amepata kiti kimoja tu, ndege ya mizigo, inakwenda Goma. Kimoja! Na ndani ya nyumba tuko mabinti wawili, mimi na mudogo wangu Claire, na muji umezungukwa na watu wa silaha. Treni hakuna tangu zamani, reli ya Kibombo imeliwa na majani. Anayetaka kutoka Kindu atoke juu kwa juu.

Mama hakufikiri hata kidogo. Akasema Claire. Mimi nilikuwa pale pale, nashona kifungo cha shati la mume wangu Onema, nikangoja nisikie sababu. Akasema Claire anaugua upesi, njaa hataiweza. Na mimi je?

"Wewe njo mwenye nguvu, Ndaya."

Sifa gani hiyo! Tangu utoto naisikia. Maji ya kuchota – mwenye nguvu aende. Kuni – mwenye nguvu. Claire amekaa kivulini, anapanguswa jasho ambalo halijatoka. Sasa na vita nayo abebe mwenye nguvu.

 Nimeshona kifungo mahali pabaya, nimefumua.

Alhamisi, 8 Agosti 2002

Claire anataka kwenda na binti yangu Naomie. Atamupakata, mutoto wa miaka mitatu haombwi kiti. Ameniomba kwa upole, mbele ya Onema. Onema alikuwa amekubali tayari, niliona usoni. Lakini akanitazama, akaniachia mimi niseme.

Nimekataa.

Nimewapa sababu: mutoto anakohoa, Goma kuna baridi. Humu ndani naandika sababu nyingine. Naomie akiamuka anaita Claire. Akianguka anaita Claire. Bugali anakula kwa mukono wa Claire, kwangu anafunga mudomo. Nimemuzaa mimi! Nguo zote za mwili wake nimeshona mimi, hata ile nyekundu ya mabaki ya kitambaa cha kwaya. Akienda Goma atanisahau kabla ya Noeli. Hapana. Kiti achukue, mutoto aniachie.

Jumamosi, 10 Agosti 2002

Ameondoka. Amevaa kitenge changu cha buluu – aliniomba jana, na mimi mujinga nikampa.

Naomie alilia kwenye uzio wa uwanja mpaka akatapika. Mimi nilipolala na malaria hakulia hata robo ya hiyo. Mama naye machozi. Papa naye anajifanya ana vumbi machoni. Nyumba nzima inamulilia muntu mwenye bahati, na sisi tuliobaki hakuna anayetulilia.

Jumatatu, 30 Septemba 2002

Tumekimbia. Watu wa silaha wanakamata wanaume wawabebee mizigo ya vita, na Onema ana mabega. Tunafuata reli kuelekea Kibombo, halafu tukate kwenda Tunda, kwa wazee wake. Papa na Mama wamekataa kuacha nyumba. Wakati wa muchana tunajificha porini, karibu na njia.

Naomie ana homa. Anaomba kwenda kwa Claire. Nimemwambia Claire yuko mbele, tutamukuta. Anatembea kidogo, anauliza tena.

Ijumaa, 4 Oktoba 2002

Naomie amekufa leo asubuhi.

Watu wa silaha walikuwa njiani, karibu kabisa, tunawasikia wakicheka. Onema alinifunika mudomo kwa kiganja. Amechimba kaburi kwa panga. Nguo nyekundu.

Sikulia. Haikuwezekana kulia.

Jina la mwisho alilotaja si langu.

Jumapili, 8 Septemba 2024

Kaye mupya, kurasa bado nyeupe. Tangu njia ya Tunda sikuandika tena. Niandike nini? Vita iliisha, tukarudi Kindu, Papa Beya akafariki, mwana wetu Elie akazaliwa, akakua, akaenda Kampene kuchimba dhahabu. Onema anatengeneza kinga, baiskeli za watu, mbele ya nyumba, mimi nashonea nusu ya wanawake wa muji huu. Mambo ya kila muntu. Lakini hili la leo nikilala nalo peke yangu nitapasuka.

Claire ametuma odio, sauti yake kwenye simu, kama kila Jumapili. Kutoka Goma alivuka mipaka mpaka akafika Kanada, na huko njo aliko na watoto wake wawili. Mama haoni tena vizuri, masikio njo macho yake. Asubuhi nimemwogesha, nimemuvalisha, nimempikia sombe ya majani ya muhogo, bila pilipili kama anavyopenda. Hakusema hata asante. Lakini simu iliposema "Mama yangu," kwa ile sauti ya Claire ya asali – uso wote ukafunguka! Akaniambia ninyamaze asikie. Nami sikuwa nimesema kitu.

Habari yenyewe kubwa. Avoka wake wa kumutetea serikalini, mwanamuke mmoja muzungu, anasema safari hii kuna matumaini. Makao ya kudumu! Ombi la kwanza walilikataa, sasa ameomba tena, kwa njia ya huruma. Wakimupa, anaweza kusafiri na kurudi kwake, na kitu cha kwanza atakuja kumushika Mama mukono. Wakikataa, watamuondosha, yeye na watoto. Mama ameanza kuhesabu nani atalala chumba gani. Mimi nimecheka kimoyomoyo: Claire anaomba asirudishwe huku, ili apate kuja huku.

Lakini si hilo. Ni mwisho wa odio. Nyuma ya Claire, mwanamuke mwingine, lafuzi ya kwetu kabisa, atakuwa mumoja wa Wakongo wa kanisa lake, akaita: "Mama Naomie, chai inapoa!"

Na Claire akamujibu: nakuja.

Nimeirudia. Nimeirudia tena, simu sikioni, mpaka betri ikazima.

Kwetu mwanamuke anaitwa kwa mutoto wake wa kwanza. Wa kwanza wa Claire ni Bienfait. Basi aitwe Mama Bienfait! Mama Naomie nilikuwa mimi. Tuliporudi kutoka Tunda watu waliogopa kuniita kwa jina la marehemu, wakabaki na Ndaya tu, na Elie alipozaliwa wakashukuru Mungu, wakaniita Mama Elie. Sikulalamika. Nilijua lile jina langu la kwanza limelala pale nilipoliacha, chini, na mutoto.

Kumbe kuna muntu alilivaa. Kama alivyovaa kitenge changu cha buluu.

Jumanne, 10 Septemba 2024

Nilimwandikia Claire jana: huko kwenu Mama Naomie ni nani? Alisoma saa ile ile, simu ilionyesha. Hakujibu.

Leo pia kimya. Nimeshona mikono ya blauzi ya mwalimu Joséphine ikatazama nyuma. Ameniuliza kama niko mugonjwa. Nimemwambia ni mashine.

Ijumaa, 13 Septemba 2024

Amepiga. Nilitoka na simu mpaka nyuma ya jikoni, Mama asisikie.

Alianza na yaya, dada mukubwa. Yaya, yaya Ndaya, usikasirike kwanza. Mimi nikanyamaza. Nikinyamaza Claire hutapika yote, namujua.

Njo hivi. Mahojiano ya kwanza kule Kanada, walimuuliza nini kilimupata katika vita. Akaanza vizuri: njaa, muji kuzungukwa. Bwana wa ofisi anaandika bila kuinua kichwa. Claire akafika kwa Naomie, akaanza kulia. Bwana akainua kichwa. Akauliza: mutoto wako? Claire akasema ndiyo. Kalamu ikasimama, wakamuletea maji, wakamwambia pole. Anasema angejibu nini? Aseme hapana, si wangu, ni wa dada? Kwetu nani anamukana mutoto hivyo, tena mutoto aliyekufa? Ni sawa na kumuzika mara ya pili.

Na hapo ndipo inaponiuma: kwetu ni kweli. Mutoto wangu ni mutoto wake. Siwezi hata kusema amesema uongo! Siku ile hakudanganya. Lakini baada ya hapo alijua wameandika nini, na akaacha. Akaongeza. Ameweka yale yote niliyomusimulia mimi mwenyewe, mwaka ule simu zilipofika Kindu – nilimufungulia moyo yeye peke yake, sijamusimulia hata padri. Kikohozi. Reli. Nguo nyekundu. Kucheka kwa wale watu njiani. Nilimpa kipande kwa kipande, na yeye amejishonea.

Na picha ameweka. Ile ya Goma. Habari ya Naomie ilimufikia kwa redio ya mapadri, akanyoa nywele, akakaa chini kwenye mukeka, wanawake wakamuzunguka siku zote za matanga. Kichwa kinang'aa, macho yamevimba. Avoka anasema hakuna karatasi inayoishinda picha ile.

Alipata kiti cha ndege. Alipata na kilio.

Sasa wananihitaji mimi. Alhamisi ya tarehe ishirini na sita, saa tisa muchana ya kwetu, avoka atapiga simu ya picha, yeye na mukalimani. Niseme Naomie alikuwa wa Claire, na Claire alimuacha mikononi mwangu, mimi mama mukubwa, na alifia mikononi mwangu. Basi. Nimemuuliza: na baba wa mutoto waliandika nani?  Akasema waliandika kwamba alikufa vitani.

Nikamwambia anayekufa leo ni yeye. Nikamwambia mengine pia. Akanivumilia mpaka nikakauka koo. Kisha akasema, tena polepole, bila ukali:

"Nilikuomba yule mutoto, yaya. Ulininyima."

Nilikata simu. Asiniambie hilo! Aniambie lolote duniani, hilo asiniambie.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Nimemwambia Onema. Nilifikiri atavunja kitu. Alicheka! Alicheka mpaka bisibisi ikamuponyoka. Akasema basi marehemu anaomba chai.

Nilimuletea. Alishika kikombe, hakunywa. Kulikuwa na kinga ya muteja imepinduliwa mbele yake, akawa anazungusha gurudumu tu, anazungusha, halina hata tatizo. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi njo nilichimba."

Chai imepoa, nimeimwaga.

Jumatano, 18 Septemba 2024

Mama anajua. Anajua tangu mwaka ule wa ombi la kwanza! Claire alimwambia zamani, wote wawili wakaamua nisiambiwe, kwa vile nina kichwa kigumu. Mimi njo nalala chumba kimoja na huyu muzee, naamuka akikohoa, nampeleka chooni – na siri yangu mwenyewe wananificha ndani ya nyumba yangu.

Nilikuwa namwogesha. Akaanza taratibu, kwa Kiluba chake cha Kasai, kile anachotumia akitaka kitu. Kwamba ni maneno tu. Kwamba mutoto amepumzika, hatadai. Kwamba yeye hana miaka mingi, na anataka kumugusa Claire uso, kumuona hawezi tena, amuguse tu. Nikamuuliza kama amewahi kutaka kunigusa mimi uso. Akasema mimi niko hapa kila siku.

Ndiyo. Kosa langu njo hilo, niko hapa kila siku.

Ningenyamaza. Lakini akaongeza kwamba Claire alimulilia mutoto yule kwa kweli, alinyoa nywele, alikaa chini. "Wewe hata chozi lako sikuliona."

Beseni lote la maji nimelimwaga sakafuni. Nimemuacha amekaa na sabuni mwilini. Dakika chache tu, nikarudi, nikamusuuza.  

Jumapili, 22 Septemba 2024

Misani nimeomba wamukatalie Claire. Nimeomba hivyo hivyo, kwa maneno: Mungu, wamukatalie. Kisha nikaomba asinisikie. Kisha nikakumbuka ile picha ya jikoni kwake aliyotutumia, friji refu kuliko Onema, Bienfait anakunywa maziwa mbele yake – nikaomba tena ya kwanza.

Sikupanda kupokea komunyo. Mwalimu Joséphine, amevaa blauzi yake, mikono sasa iko sawa, alinigeukia. Nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo.

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Aïcha, jirani, alikuja kupima gauni la harusi ya binti yake. Tangu turudi vitani njo rafiki yangu, na haulizi maswali, njo maana naweza kumuuliza yeye. Nilikuwa na pini mudomoni. Nikamuuliza, kama muntu hakufanyiwa kilio wakati wake, kinaoza? Kinapitwa?

Akanitazama kwenye kioo. Akasema kwao Waislamu ni siku tatu, muntu aache, arudi kazini. Lakini kama hakuna aliyekaa chini hata siku moja, basi siku zake hazijaanza. Kisha akainua mukono nipime kwapa.

Hakuna aliyetaja jina la mutoto. Lakini alipotoka aliniita Ndaya, si Mama Elie.

Jumanne, 24 Septemba 2024

Claire amepiga kunifundisha. Kunifundisha mimi! Wakikuuliza nguo, nyekundu. Wakikuuliza mahali, kati ya Kindu na Kibombo, karibu na reli. Wakikuuliza saa, jioni.

Nikasema asubuhi.

Akasema karatasi inasema jioni, yaya, tusipingane.

Nilikaa chini kabisa, pale nyuma ya jikoni, kwenye majivu. Asubuhi ilikuwa. Umande ulikuwa bado kwenye majani, nilikuwa nimempangusa nao uso. Nimejaribu kumwambia hayo. Akasema anajua, anajua, lakini jioni.

Halafu akavunjika. Si zile sauti za odio – kulia kwa kweli, na makamasi. Kwamba Bienfait hajui Kindu, hajui hata kula sombe, anaota anapandishwa ndege. Kwamba mudogo wake ameanza kukojoa kitandani tangu waliposikia neno kuondoshwa. Kwamba anafanya usafi hospitalini usiku, hajui kesho yake, na miaka yote hii hajalala hata mara moja bila kumuona Naomie kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Kwamba yeye pia alimupoteza.

Nikamuonea huruma. Na ile huruma ikanikasirisha zaidi. Mbona hata huruma lazima aipate yeye?

Nimemwambia nitakuwepo Alhamisi. Sikumwambia nitasema nini. Sijui.

Jumatano, 25 Septemba 2024

Nimetafuta wembe. Onema ameniona, hakuuliza wa nini. Amekwenda kuazima mikeka.

Alhamisi, 26 Septemba 2024

Naandika haraka, wako wote hapa.

Asubuhi Onema amenyoa kichwa changu, nje, mbele ya kila muntu. Nywele zangu zina mvi nyingi kuliko nilivyofikiri. Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye mukeka mbele ya mulango. Ni wivu? Ndiyo, ni wivu. Najijua. Lakini si wivu peke yake, na sina nafasi ya kuupembua leo.

Watu walisimama njiani. Nani amekufa? Elie? Kampene kuna nini? Onema akawaambia hapana, Elie ni muzima, ni mutoto wa kwanza, Naomie, wa wakati wa vita, hatukupata kumulilia. Nilifikiri watatucheka. Mama mumoja akatua beseni la ndizi, akavua sandali, akakaa. Halafu mwingine. Sasa uwanja umejaa, mpaka wanawake wa ng'ambo ya muto wamefika kwa mutumbwi, na nusu yao siwajui. Kumbe kila mumoja alikuwa na wa kwake wa kule porini. Nasikia majina mengine humu ndani ya kilio, si Naomie tu.

Na mimi nimelia. Sikujua ninayo sauti ile. Hakuna mukono juu ya mudomo.

Mama nilimutoa ndani, nikamukalisha kando yangu. Alikuwa amekaza taya, anajua nafanya nini na saa ngapi. Aliniambia kidogo kidogo sikioni, namuua Claire.  Baadaye nikasikia naye ameanza, chini chini, Naomie, Naomie, kwa Kiluba, maneno ya kumulilia mujukuu. Sikuwahi kuyasikia kwake.

Saa tisa simu ililia. Nilijua italia, na bado nilishituka. Onema akaishika mbele ya uso wangu. Kioo cha simu kimegawanyika: muzungu mwenye miwani, mukalimani, na Claire pembeni. Claire akaona kichwa changu. Akaweka mukono kwenye mudomo wake.

Avoka akasema jambo refu. Mukalimani, Mutanzania kwa lafuzi yake, mwanamume mwenye adabu, akasema anaomba radhi, wanasikia vilio, pole sana, wanaweza kupiga siku nyingine. Nikasema hapana. Akauliza kwa upole nani amefariki. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mawili, tangu Jumanne nayabeba yote mawili.

Sikupata kusema. Aïcha akaingia uwanjani, amechelewa, amejifunga kanga kiunoni, analia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya muto: "Pole, Mama Naomie! Mama Naomie, pole!" Akanijia moja kwa moja, akaniangukia shingoni, mbele ya kioo.

 Mukalimani akamutafsiria yule mwanamuke, nikaona jina likipita mudomoni mwake. Yule mwanamuke akaangalia karatasi zake. Akainua kichwa, akamutazama Claire, akanitazama mimi. Mukalimani akasema: "Samahani, mama. Wakili anauliza, Mama Naomie ni nani?"

Na rezo, mutandao wa simu, ikakata. Hivyo tu. Uso wa Claire umebaki kwenye kioo, umesimama, mudomo wazi, kama alikuwa anataka kuita yaya.

Onema amekwenda na simu mpaka barabarani kutafuta rezo. Nimechukua kaye kutoka chini ya mukeka, maana nisipoandika nitakimbia. Watapiga tena. Nikisema mimi njo mama yake, watoto wa Claire wanapandishwa ndege, na Mama hatamwamini Mungu tena wala mimi. Nikisema ni Claire, nimekaa hapa na kichwa kitupu ninamulilia mutoto wa muntu mwingine, mbele ya Kindu nzima, na Onema ni marehemu.

Mukono umenigusa. Ni Mama. Anapapasa, shingo, sikio, amefika kichwani, anapitisha vidole polepole mahali nywele zilipokuwa. Halafu usoni. Macho, pua, mudomo. Hajanigusa hivyo tangu sijui lini.

"Pole ya mutoto wako, Ndaya."

Nimengoja neno hilo miaka hii yote. Nimelishika. Nilitaka abaki hapo, asiongeze kitu.

"Wewe njo mwenye nguvu."

Onema anarudi mbio, simu juu. Wanawake wamegeuka wote kunitazama. Mukono wa Mama bado uko juu ya kichwa changu, na simu inalia.